Vidoa vya Njano na Banda la Subira

Ninayo siku moja kichwani, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia mtu analalamikia namba. Ni asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, na mimi niko kwenye stoo ya shule narukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, kisahani cha plastiki mkononi. Mbele yangu amekaa Bi Damari, miwani imeshuka puani, ananitazama bila kucheka hata kidogo.

Nitakueleza nilikuwa naruka kwa ajili ya nini, na yeye alinuna kwa sababu gani. Uliponipigia simu juzi kutoka huko Shume, unakohesabu ndege wako msituni, nilikusikia unavyohema. Ulisema umepita njia ile ile, asubuhi ile ile, wiki iliyopita ukapata ndege kumi na wawili na wiki hii saba. Hujui kama wamekufa, wamehama, au ni wewe usiyejua kazi. Ulikuwa karibu kulia. Mimi, nisamehe mwanangu, nilikuwa karibu kucheka, maana nilijiona mwenyewe. Sasa kaa usikilize, na chai yako usiiache ipoe.

Babu yako alikuwa mtu wa mteremko. Shamba letu lote lilikuwa ubavuni mwa mlima. Kiazi kikikuponyoka huku juu, unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini na kumwomba radhi. Mahali tambarare palikuwa pawili tu. Pa kwanza ilijengwa nyumba, na pa pili, kijukwaa kidogo kando ya kijito, Baba alijenga banda la ng'ombe. Mbao zake alizitoa Shume na kuzibeba begani vipande vya njia ambavyo gari halikufika, kwa hiyo alilipenda banda lile kama watu wengine wanavyopenda nyumba zao.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Subira, na hakuwa wa kununua. Kijiji kilikuwa na kikundi cha kukopeshana ng'ombe. Unapewa mtamba, unamfugia ndani, unamkatia majani yanayoota kwenye kingo za matuta, na akizaa ndama jike wa kwanza unampeleka kwa mwenzako anayekufuata kwenye zamu. Mfugaji mbaya alinyang'anywa, ng'ombe akapewa mwingine. Aliyemfuata Baba kwenye zamu alikuwa Mzee Kiondo, mwenyekiti wa kitongoji chetu, mtu wa sauti kubwa na moyo usio mbaya.

Masika moja watoto wa upande wa chini wakaanza kuharisha. Si mmoja, si wawili. Watu wakatazama maji ya kijito wanayochota kila siku, kisha wakainua macho na kuliona banda la Subira limekaa palepale juu yao. Mzee Kiondo akaitisha mkutano, akasema wazi kwamba ng'ombe aondoke, apewe mtu mwenye nafasi.

Baba alisimama akasema, “Sihamishi hata nguzo moja. Nikihamisha leo, nimekiri kwamba nimewanywesha watoto wa watu kinyesi. Atakayenionyesha kwamba ni mimi, anionyeshe. Nikishaona, sitabishana.”

Sasa ujue tulichokuwa tunakaribia kupoteza. Subira alikuwa maziwa yetu, na samadi yake ndiyo iliyokuza kabichi zetu. Lakini kilichomuumiza zaidi Baba kilikuwa msikitini. Mjomba wako Hamisi alirudi Ijumaa moja akanong'ona kwa Mama kwamba kwenye safu ya sala watu walimwachia Baba nafasi pembeni yake. Unajua vizuri safu haiachwi pengo. Mama alikaa chini jikoni. Mimi niliona hasira ambayo sijaiona tena maishani mwangu.

Ndipo akaletwa Bi Damari. Alikuwa mtaalamu wa maji, mama wa makamo kutoka upande wa Bumbuli, Mlutheri wa kuamka alfajiri na kuimba akiosha vyombo vyake. Alikuja na sanduku la chuma lenye betri, vichujio, visahani, na chupa nyingi kiasi kwamba watoto walimbandika jina la Bibi Chupa. Alihitaji msaidizi aliyemaliza sekondari, na hapo kitongojini nilikuwa peke yangu. Mzee Kiondo aling'aka.

“Mtoto wa mwenye ng'ombe ndiye ahesabu?”

“Atahesabu yeye,” Bi Damari akamjibu kwa upole, “na mimi nitamhesabu yeye.”

Kazi yenyewe ilinivutia tangu siku ya kwanza, hata nikasahau kwa muda kwamba nina hasira. Tulichota chupa moja juu ya banda na nyingine chini yake. Kila chupa tuliipitisha kwenye kichujio chembamba chenye matundu madogo kuliko vijidudu, vyenyewe vikabaki juu. Kichujio tulikilaza kwenye kisahani chenye chakula chao chekundu, tukakifungia kwenye sanduku lenye joto mpaka kesho yake. Kijidudu kimoja ambacho jicho haliwezi kukiona kinazaana usiku kucha, na asubuhi kimekuwa kidoa cha njano unachoweza kukigusa kwa ncha ya sindano. Mimi niliyezoea kuona maji ni maji, nilikodoa macho. Nilitaka kuchuja kila kitu, hata maji ya mtungi wa udhu pale msikitini, Bi Damari akanikataza.

Chupa za kwanza zilitoa vidoa vinne juu ya banda na tisa chini yake. Sikujua nani alitangaza, ila kabla ya adhuhuri kitongoji kizima kilikuwa kinasema nne na tisa, nne na tisa. Nililia. Nikamwambia Bi Damari kwamba chupa ya chini lazima ilikuwa chafu, au nilishika kichujio vibaya, au sindano ilitetereka nikahesabu kidoa kimoja mara mbili. Alinisikiliza, akaandika tisa yake.

Chupa zilizofuata ndizo zilizoniruhusu kuruka. Nilifungua sanduku asubuhi ile ya ukungu nikakuta nane juu, tano chini.

“Shikamoo, Bi Damari! Baba ameshinda!”

“Marahaba. Ameshinda nini?”

“Juu nane, chini tano! Machafu yanatoka huko mlimani!”

“Kwa hiyo yakipita kwa ng'ombe wenu yanasafishika?”

Nikaacha kuruka.

“Mwanaidi,” alisema, na ndipo aliponitazama kwa ile miwani iliyoshuka, “juzi ilipotoka tisa, chupa ilikuwa chafu. Leo imetoka tano, chupa ni safi. Hiyo si kuhesabu vidoa, mwanangu. Unachagua namba zinazokupenda.”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini haya yangu hayakudumu, maana swali jingine lilinijia na likawa kubwa kuliko aibu. Nikamuuliza, basi ipi ni ya kweli, ya juzi au ya leo? Akasema zote. Tulizihesabu sawasawa, hakuna hata moja ya uongo. Nikamwambia haiwezekani, kijito ni kilekile na banda ni lilelile. Yeye akaanza kufuta meza kana kwamba tumemaliza.

“Kwenu leo mnapika nini?” akauliza.

“Makande.”

“Nitakuja. Mwambie mama asipakue kabla sijafika.”

Mama alimkaribisha vizuri kwa Kishambaa na kwa kiti kile cha wageni, mpaka alipoelezwa kwamba mgeni anataka kuhesabu maharage. Hapo uso ukabadilika. Kwa Mama, chakula kilichoiva hakihesabiwi. Kumhesabia mtu punje ni kumwambia hukumtaka ale. Bi Damari alimwomba kwa heshima zote, akamwambia yatarudi chunguni yote bila kupotea hata moja. Mama akakubali kwa sharti kwamba wahesabu watu wa nyumbani, mgeni atazame tu.

Akakoroga chungu vizuri, chini juu, chini juu, kama alivyokoroga maisha yake yote. Kila upawa ulimwagwa kwenye sinia, tukatenga mahindi huku na maharage huku. Upawa wa Hamisi ulikuwa na maharage kumi na tisa. Wangu thelathini na moja.

Hamisi akaruka. “Mnaona? Miaka yote nasema, mnasema nina wivu! Mama anampendelea huyu!”

“Mkono wangu ni uleule na chungu ni kilekile,” Mama akasema, ameudhika kweli.

“Rudisha, chota tena,” Bi Damari akasema.

Tukarudisha, tukakoroga, tukachota. Sasa Hamisi alipata ishirini na saba na mimi ishirini na mbili, akatabasamu kwa ushindi, nami nikakumbuka asubuhi yangu. Tuliendelea. Makande yalipoa, Baba akaja akasimama mlangoni akitushangaa, kisha akaketi akaanza kuhesabu naye. Nyingi zilikaa karibu na ishirini na tano, nyingine chini, nyingine juu, na hapakuwa na mkono mbaya popote.

“Kijito ni chungu,” Bi Damari akasema, “na chupa ni upawa. Vijidudu havikujipanga mstari vikisubiri kuchotwa. Vingine vitaingia, vingine vitapita pembeni. Hata ungekuwa na mikono ya malaika, namba zitacheza. Swali si kwa nini zinacheza. Swali ni zinacheza kwa kiasi gani.”

Kisha akanifundisha kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. Chukua ulichohesabu, alisema, tafuta kipeuo chake cha pili, kizidishe kwa mbili. Kitoe kwenye hesabu yako upate ukingo wa chini, kijumlishe upate ukingo wa juu. Aliziita kingo kwa sababu alikuwa anatazama matuta yetu kupitia mlango. Namba ya kweli ya chungu huijui, ila karibu kila mara itakuwa kati ya kingo zako. Si kila mara, akasisitiza. Ukiifanya kazi hii mara ishirini, mara moja hivi utakosea na hutajua ni mara ipi. Na namba zikiwa ndogo sana kanuni yenyewe inayumba, usiiegemee kwa uzito wako wote.

Nilichukua ishirini na tano ya chungu chetu. Kipeuo chake ni tano, mara mbili ni kumi, kwa hiyo maharage ya upawa yangecheza kati ya kumi na tano na thelathini na tano. Nikapitia yote tuliyochota. Yalikuwa humo! Nilisisimka kama niliyechungulia kwenye tundu nisilotakiwa kuchungulia. Nikamwomba Mama achote tena, na tena, mpaka upawa mmoja ukatoka na thelathini na saba.

“Huo nilichota vibaya,” Mama akasema.

“Hapana, mama, umechota vizuri,” Bi Damari akamjibu. “Huo ndio ule mmoja.”

Hamisi alikuwa bado na kesi yake. Akauliza, basi mtu atajuaje kama anapendelewa au ni chungu tu kinacheza? Bi Damari akamwambia, hesabu kila siku, jumlisha, usiache hata siku moja kwa sababu imekufurahisha au imekuchukiza. Kama kweli mkono unapendelea, utaonekana kwenye jumla kubwa. Hamisi alihesabu maharage yake kwa muda, kisha njaa ikamshinda, akaamua kumsamehe Mama bila ushahidi.

Mimi nilirudi kwenye vidoa. Nne, kipeuo ni mbili, kwa hiyo kati ya sifuri na nane. Tisa, kipeuo ni tatu, kwa hiyo kati ya tatu na kumi na tano. Kingo zilipandana. Kwa chupa zile za kwanza, zilizofanya watu wamwachie Baba pengo kwenye sala, hakuna aliyeweza kusema juu na chini ni tofauti. Na kwa chupa zangu za kuruka, hakuna aliyeweza kusema kitu vilevile. Nilitaka kukimbia kwa Mzee Kiondo nikamwambie kwamba Baba hana hatia. Bi Damari akanishika mkono.

“Nimesema hana hatia? Nimesema hatujui. Hayo ni mambo mawili. Sasa tutafute kujua.”

Ndipo kazi ilipoanza kweli. Tulichota kila asubuhi isiyo na mvua, chupa za juu na chini kwa wakati mmoja, idadi sawa. Na Bi Damari, aliyekwisha kunijua, akabuni dawa yangu. Alifunika alama za visahani kwa plasta kabla sijaviona. Nilihesabu bila kujua kipi ni cha juu na kipi cha chini, nikamtajia namba, yeye akaandika. Siku za kwanza nilijaribu kukisia, nikitaka chenye vidoa vichache kiwe cha chini. Baadaye nilichoka kukisia, nikawa nataka kujua tu. Hiyo ilikuwa raha mpya, mwanangu, kutaka kujua bila kutaka iwe hivi au vile. Sikujua kwamba mtu anaweza kupumzika namna hiyo wakati mambo yake yamekaa vibaya.

Nilikuwa nakata majani ya Subira huku nafanya hesabu kichwani, na siku moja kwenye tuta nikagundua jambo lililonifanya niweke mundu chini. Ukihesabu nne, ukingo uko mbali na namba yako kwa nne nzima, sawa na namba yenyewe. Ukihesabu mia, ukingo uko mbali kwa ishirini, sehemu ya tano tu. Kadiri unavyohesabu zaidi, mashaka yanakua, lakini yanakua polepole kuliko unachokijua. Nilishuka mbio kumwambia Bi Damari kana kwamba ni mimi wa kwanza duniani kuligundua. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakuniambia kwamba alilijua.

Mzee Kiondo alikuja mara kadhaa kuuliza majibu. Kila mara aliambiwa bado. Alisema serikali imeleta mtu wa kuchezea chupa. Baba naye hakuuliza hata mara moja, ila nilimwona jioni akisimama kando ya kijito, anatazama maji yanavyopita nyuma ya banda lake.

Siku ya kubandua plasta, Bi Damari alinipa karatasi nijumlishe mwenyewe. Juu ya banda, vidoa mia moja. Chini ya banda, mia moja sitini na tisa. Nikatafuta vipeuo. Juu, kati ya themanini na mia moja ishirini. Chini, kati ya mia moja arobaini na tatu na mia moja tisini na tano.

Nilirudia hesabu. Nilirudia tena. Kingo hazikugusana.

“Utaniambia chupa zilikuwa chafu?” Bi Damari akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mzazi.

“Hapana.”

Nikalia, na yeye akaniacha nilie. Kisha akasema jambo gumu kuliko yote: kwa kuwa ni mimi niliyehesabu, ni mimi nitakayesema mkutanoni. Nikamwambia siwezi, ni baba yangu. Akasema ndiyo maana.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Bi Damari alianza kwa kusema kwamba hata maji ya juu hayakuwa safi, kwa hiyo kila nyumba ichemshe ya kunywa, na kwamba hawezi kusema ni nini kilichowaumiza wale watoto, maana hilo hakulipima. Kisha akanipa nafasi. Nilisimama na karatasi yangu. Sikuwatazama watu. Nilimtazama Baba, nikamwita Tate kama tulivyomwita nyumbani, nikaeleza juu kuna kati ya ngapi na ngapi, na chini kati ya ngapi na ngapi, na kwamba kwenye kazi ya namna hii unaweza kukosea mara chache, na hujui ni lini.

Mzee Kiondo akacheka kwa sauti. “Kati ya hii na hii, kati ya ile na ile! Muda wote huo, na bado hamjui ni ngapi!”

Watu wakaanza kunong'ona. Baba akasimama, na uwanja ukanyamaza, maana walidhani atatumia nafasi ile kujiokoa. Angeweza. Mwenyekiti alikuwa amemfungulia mlango.

“Zile kingo,” akaniuliza mimi, si mwenyekiti, “za juu na za chini. Zinagusana?”

“Hazigusani, Tate.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Baba akawageukia watu. Kisha akasema, “Mwanangu amesimama hapa ananiambia asichokijua na anachokijua. Wengine mlinijia na tisa moja, mkaniambia mnajua kila kitu. Nilisema atakayenionyesha sitabishana. Nimeonyeshwa.” Akageuka. “Hamisi, katafute shoka.”

Hakusubiri mkutano ufungwe. Alianza kung'oa mbao zake jioni ileile, taratibu, akiokoa kila msumari. Kesho yake watu walikuja bila kuitwa, ukawa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Walichonga mlima upande wa pili wa nyumba, mbali na kijito, wakakata mibuni yetu kadhaa kupata nafasi, na Mzee Kiondo alibeba nguzo za banda begani kwake, akipumua kwa kelele ili kila mtu aone. Kikundi hakikumtaja tena Subira. Tulipochota chupa upya, kingo za juu na chini zilipandana kama zilivyopandana mwanzo, Bi Damari akasema sasa hana tofauti ya kutuonyesha. Hakusema haipo, na mimi nilishajifunza kusikia hivyo. Ndama jike wa kwanza wa Subira alikwenda kwa Mzee Kiondo, kama zamu ilivyosema. Na Ijumaa ya baada ya msaragambo, Hamisi alirudi akasema mwenyekiti alisimama bega kwa bega na Baba, akambana mpaka Baba akashindwa kukunja mikono vizuri.

Miaka mingi ikapita. Babu yako alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alituambia kwa masikitiko kwamba pengine amebakiwa na mwaka mmoja. Niliinamisha kichwa. Baba akamuuliza, “Mwaka huo, mwanangu, kingo zake ziko wapi?” Daktari hakuelewa, nikamweleza. Akafikiri kwa uaminifu, akasema kwa wagonjwa kama yeye aliowaona, wengine miezi mitatu, wengine miaka mitatu. Baba akacheka, mgonjwa vile. Tuliporudi nyumbani akaagiza miche ya peasi, akaipanda pale lilipokuwa banda la kwanza, kwenye ardhi ile iliyonona kwa samadi ya Subira. Matunda yake hakuyala. Lakini aliiona ikichanua maua, na aliondoka ndani ya kingo zake. Mapeasi unayoyabeba kwenye begi kila ukirudi Shume ni ya miti ile, na sikukuambia mapema kwa sababu ulikuwa unayafurahia tu.

Basi, mwanangu, ninachotaka ushike ni hiki. Kumi na wawili wako ni wa kweli na saba wako ni wa kweli. Tafuta kingo zake, utaona zinapandana, na hakuna ndege uliyemuua wala kumfukuza. Lakini usichukue hilo ukalala, ukasema ndege wako salama. Umejua tu kwamba bado hujui. Rudi msituni, hesabu tena, na siku isiyokufurahisha uiandike kama ile inayokufurahisha. Ukiweza, mpe mwenzako akufunikie alama, maana moyo una mikono. Ukiulizwa na wakubwa ni ndege wangapi, usione haya kusema kati ya hapa na hapa. Atakayekucheka mwache acheke. Na siku kingo zitakapoachana, hata kama zitakuumiza wewe au mtu umpendaye, simama useme.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona kilichopo na subira ya kungoja usichokiona bado. Akulinde kwenye njia zako za msituni na ukungu wake, akurudishe nyumbani salama, mapeasi yakikaribia kuiva. Amina.